Banda la Mawe, Vigari vya Waya na Ukuta Uliopakwa Chokaa

(Hotuba iliyosomwa bwaloni na mwanafunzi wa zamani, usiku wa kuamkia mkutano mkuu wa mwaka. Inachapwa hapa kwa maombi ya waliokuwapo na ya wale walioikosa.)



 Katibu wetu aliniandikia nizungumze juu ya utumishi wa umma na maendeleo. Nilikaa na kichwa hicho cha habari kwa wiki tatu, nikaandika kurasa nne, nikazisoma usiku mmoja, nikasinzia. Nikajiuliza: ikiwa mwandishi mwenyewe amesinzia, itakuwaje kwa vijana wa kidato cha kwanza ambao jioni hii wamekula wali na nyama? Basi nikaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo jingine, nami nikakubaliwa.

Nataka kusema juu ya vitu ambavyo vijana huvitengeneza kwa mikono yao, na juu ya yale yanayovipata vitu hivyo baadaye. Sitaki kuzunguka mbuyu. Katika ajenda ya mkutano wa kesho asubuhi, kifungu cha 6 kinasema: kubomolewa kwa banda la bustani na kujengwa fremu za maduka. Banda lenyewe mnalijua nyote. Hakuna aliyepita shule hii ambaye hakupata kukaa chini yake kusoma, kungoja mvua ipite, au kujificha asionekane na mwalimu wa zamu. Nimekuja kuwaomba mlitazame mara moja zaidi kabla ya kunyoosha mikono.

Banda letu

Kwa faida ya vijana, nianze na historia yake. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliosema kwamba shule haina budi kuwa pia mahali pa kazi, na kwamba mwanafunzi asifundishwe kuidharau jembe. Mwaka uliofuata kidato cha tatu cha hapa kilipewa kazi ya kujenga mahali pa kupumzikia bustanini. Mawe waliyatoa korongoni, nyuma ya kiwanja cha mpira, wakayabeba mabegani. Aliyewafundisha alikuwa fundi mwashi wa kijijini ambaye, kama wanavyosimulia wenyewe, hakujua kusoma, lakini alikuwa na timazi yake na jicho lake, na kwa vitu hivyo viwili aliwashinda walimu wa hesabu. Baadhi ya vijana wale wa 1968 wamo bwaloni humu usiku huu. Nywele zao ni nyeupe, na nguzo walizozijenga bado zimenyooka.

Mimi mwenyewe nililijua banda hilo kwa njia ya aibu. Nilipokuwa kidato cha pili nilichukua msumari nikakwangua jina langu katika ukuta wa nyuma, kwa herufi kubwa, ili vizazi vijavyo vinijue. Mwalimu wa zamu alinijua mapema kuliko vizazi vijavyo. Adhabu yangu haikuwa fimbo. Niliambiwa nizibe mikwaruzo yangu, na pamoja nayo nizibe mianya yote ya ukuta ule, kwa chokaa na mchanga, chini ya usimamizi wa fundi wa shule. Kazi ile ilinichukua Jumamosi tano.

Katika Jumamosi zile nilijifunza mambo ambayo sikuyakuta darasani. Nilijifunza kwamba chokaa huchanganywa kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na kwamba ikikauka upesi hupasuka, hivyo ni lazima uifunike kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Nilijifunza kwamba jiwe lina tumbo na mgongo, na fundi hulilaza kama lilivyokuwa limelala ardhini, maana ukilisimamisha wima, maji yataingia katika matabaka yake na kulimenya kama kitunguu. Nilijifunza kwamba mshono wa safu ya juu haukai juu ya mshono wa safu ya chini, kwa sababu ufa hupenda njia iliyonyooka. Baada ya Jumamosi ya tano sikuthubutu tena kukwangua ukuta wowote.

Vigari vya waya

Nirudi nyuma kidogo, kabla ya kuja shuleni hapa. Wengi wetu mikono yetu ilisomea chuo kimoja, nacho ni chuo cha vigari vya waya. Tuliokota waya wa kufungia nondo mahali palipojengwa nyumba, tukakata kandambili zilizochakaa kuwa magurudumu, tukafunga maungio kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Usukani ulikuwa waya mrefu uliotoka kwenye ekseli ya mbele hadi kifuani, kusudi dereva aweze kukimbia wima nyuma ya lori lake. Aliyekuwa na koleo alikuwa tajiri, nasi tulimwamkia.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Kijana aliyetaka kutengeneza Scania hakuanza na waya. Alianza kwa kwenda barabarani na kulitazama lori lenyewe. Alihesabu magurudumu. Alichungulia chini aone springi zimekaaje. Aliangalia kwa nini gurudumu la mbele hukata kona na la nyuma halikati. Mwenzetu mmoja wa mtaani aliyekuwa wa mwisho katika kila mtihani ndiye aliyetueleza, kwa kutumia kigari chake, jinsi usukani unavyofanya kazi, na alitueleza vizuri kuliko kitabu cha sayansi. Huwezi kutengeneza mfano wa kitu ambacho hujakitazama. Mikono hukulazimisha kuona.

Baadaye, mwaka 2014, nilipelekwa masomoni kwa miezi minne katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Nilifikia kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa mpimaji wa ardhi. Chini ya nyumba yake kulikuwa na chumba kilichojaa ndege, meli na matrekta madogo ya plastiki, kila kimoja kimeunganishwa kwa gundi, kikasuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi kwa brashi nyembamba kama unywele. Nilishangaa kumwona mtu mzima wa miaka zaidi ya 70 akicheza. Alinionyesha kwamba hachezi. Kila ndege ilikuwa imepunguzwa mara 72 kamili, kipimo ambacho inchi 1 husimama badala ya futi 6, hata mtu mrefu wa futi 6 akiwa rubani katika ndege ile anakuwa na urefu wa inchi 1.

Alinisimulia pia habari za kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove. Kampuni hiyo ilianza na vitu vya kuchezea vya mpira vya kujazwa hewa. Mwaka 1949 ikatengeneza trekta dogo la Ferguson kwa ajili ya wauzaji wa matrekta, wapate kuwaonyesha wateja wao. Mwaka 1952 ikatoa meli ya Golden Hind, na kuanzia hapo vijana wa Uingereza wakajaza vyumba vyao meli na ndege. Nilimwambia mzee kwamba kwetu sisi tulitengeneza Scania bila ya kampuni, bila ya gundi na bila ya karatasi ya maelekezo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtengenezee moja. Niliitengeneza kwa waya wa kutundikia makoti. Sijui kama nilijivunia zaidi shahada yangu au lori lile.

Mawe ya Gooseberry

Mzee huyo ndiye aliyenipeleka katika hifadhi iitwayo Gooseberry Falls, kando ya ziwa Superior. Ni mahali pa maporomoko ya maji na misonobari. Lakini yeye hakunipeleka kutazama maji. Alinipeleka kutazama kuta.

Yafaa nieleze kuta zile zilitoka wapi. Mwaka 1933 Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na mfanyakazi mmoja katika kila wanne hivi hakuwa na kazi. Rais Franklin D. Roosevelt alianzisha jeshi la kazi la vijana lililoitwa Civilian Conservation Corps. Halikuwa jeshi la bunduki. Waliopita JKT watanielewa upesi, ingawa JKT ilianzishwa miaka 30 baadaye, mwaka 1963, kwa sababu zake yenyewe. Vijana wale, wengi wao wa miaka 18 hadi 25 na wasio na wake, walikaa kambini, wakalipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo dola 25 hivi zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Hadi jeshi hilo lilipovunjwa mwaka 1942 vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita humo. Walipanda miti kwa mabilioni, wakachonga njia, wakajenga madaraja, na katika hifadhi nyingi wakajenga mabanda ya mawe ya kupumzikia wageni. Sitaki kuipamba habari hii kupita kiasi: vijana weusi waliwekwa katika kambi za peke yao, kwa ubaguzi uleule uliokuwako nje ya kambi. Lakini mawe waliyoyapanga hayakuandikwa rangi ya mpangaji.

Pale Gooseberry makambi yalikuwapo kuanzia 1934 hadi 1941. Kuna ukuta mmoja wa kushikilia ardhi, mrefu karibu futi 300, ambao wenyeji wanauita kasri. Vijana walioujenga hawakuwa waashi. Walisimamiwa na mafundi wa mawe wenye asili ya Italia, nao wakajifunza kazi juu ya kazi. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikatazama mishono. Mawe makubwa yamekaa chini. Kila jiwe limelala kwa tumbo lake. Hakuna mshono uliosimama juu ya mwenzake. Ndugu zangu, nilikuwa maelfu ya maili kutoka hapa, nikasikia sauti ya fundi aliyenisimamia zile Jumamosi tano.

Nikauliza kama yale yalikuwa bahati. Nikaambiwa hapana. Ofisi ya hifadhi za taifa ilikuwa na mafunzo yake, na mwaka 1938 ilichapa vitabu vitatu vilivyohaririwa na Albert H. Good, vyenye michoro ya mabanda, meko, madaraja na hata vibao vya njia. Nasaha yake kubwa ni kwamba jengo la hifadhini lionekane kana kwamba limeota mahali pale: lijengwe kwa mawe na magogo ya palepale, lisishindane na mlima, wala lisijifanye la mjini. Vitabu vile viliandikwa na wasomi, na kuta zilijengwa na vijana waliokosa kazi, na kati yao alisimama fundi mwenye timazi. Hao watatu walipokutana, banda likasimama.

Leo majengo yale yamo katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Hayakuingizwa humo kwa kuwa rais alilala ndani yake. Yaliingizwa kwa sababu ni kazi ya mikono ya vijana wa kizazi kimoja. Basi niliporudi kwa basi jioni ile nilijiuliza swali ambalo ndilo limenileta mbele yenu: kidato cha tatu cha 1968 kiliwapungukia nini vijana wale?

Barua niliyoitia sahihi

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupaharakisha, lakini sitapaharakisha.

Miaka michache baada ya kurudi nilikuwa nimekalia kiti ambacho barua za aina fulani hazitoki bila sahihi yangu. Katika mji ule palikuwa na ukuta mrefu kando ya barabara, na vijana wa mtaa walikuwa wameupaka rangi. Walichora mama lishe na masufuria yake, fundi baiskeli, mshona viatu, na mzee anayesoma gazeti. Ukubwa wao ulikuwa wa watu halisi, hata ukipita jioni ungeweza kuwaamkia. Wageni wakubwa wakatarajiwa mjini. Ikaamuliwa kuta zote za njia ile zipakwe chokaa nyeupe. Niliandika barua kwa mkono wangu, na katika barua ile nilitumia maneno haya: kuondoa uchafu wa rangi. Nilitia sahihi kabla ya chai ya saa nne.

Wiki iliyofuata kijana mmoja alifika ofisini. Nilitazamia ugomvi, nikakunja uso mapema. Hakugomba. Aliniamkia, akasimama mpaka nilipomwambia akae. Kisha akauliza kama ofisi ilipiga picha ya ukuta kabla ya kuupaka chokaa. Nikamwuliza ya nini. Akasema kwamba mwenye hoteli mmoja alitaka kumpa kazi ya kuchora kuta za hoteli yake, naye alitaka kwanza kuona mfano wa kazi zake. Yeye alikuwa hana simu ya kupigia picha. Alikuwa akitegemea kumleta yule bwana mbele ya ukuta.

Sikuwa na picha. Hakuna aliyekuwa nayo. Ule ukuta ulikuwa ndio cheti chake, nami niliuchana nikauita uchafu. Kazi ile ya hoteli hakuipata.

Vijana, hapo mnaweza kusema kwamba kuchora ukutani si elimu. Nawakumbusha mambo mawili. La kwanza ni miamba ya Kondoa. Katika vivuli vya mawe vya kule, vingi vikiwa katika vilima vya karibu na Kolo, watu wa kale walichora wanyama na watu kwa rangi nyekundu na nyeupe, karne kwa karne. Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kunakili michoro ile, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza Kondoa katika urithi wa dunia. Zaidi ya vivuli 150 vinajulikana. Wachoraji wale hawakuwa na kibali cha mtu. La pili ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye mnamo 1968, mwaka uleule wa banda letu, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari, na kuuza karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay, Dar es Salaam. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu. Jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na picha za mtindo huo zinanunuliwa na wageni wa dunia nzima. Angekutana na ofisa mwenye kalamu kama yangu mwaka 1968, huenda zingeitwa uchafu wa rangi.

Sisemi kwamba kila ukuta uchorwe, wala kwamba kila kilichochorwa kibaki milele. Mji ni wa watu wengi, na kuna kuta za misikiti, makanisa na nyumba za watu. Nasema kwamba mwenye mamlaka ya kufuta ana wajibu wa kutazama kwanza, na akishatazama aandike alichokiona. Mimi sikutazama. Nilipita pale kila siku kwa gari.

Kwa nini banda limechakaa

Narudi kwenye kifungu cha 6. Sababu inayotolewa ni kwamba banda limekwisha. Nimekuja mapema leo asubuhi, nikalizunguka na futi kamba na pima maji. Ni kweli kwamba mawe ya chini ya ukuta wa nyuma yanamomonyoka, unayagusa yanakuachia unga mkononi. Lakini ugonjwa huo una jina, na aliyeuleta ni sisi.

Mwaka 2009 wanafunzi wa zamani wa miaka yangu tulichanga fedha kulitengeneza banda. Kwa nia njema kabisa tukanunua saruji, maana saruji ilikuwa ndiyo maendeleo, tukaziba mianya yote na kupiga lipu ngumu sehemu ya chini. Mawe yetu ni laini. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua: unyevu ukiingia hutoka tena kupitia mishono. Saruji imeziba mishono, unyevu umekosa njia, sasa unatokea katika jiwe lenyewe na kulivunjavunja. Kwa hiyo banda halikuchoshwa na uzee. Lilichoshwa na msaada wetu. Nguzo zote 6 nimezipima, hakuna hata moja iliyoinama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfano wa msemo huo tumeuona karibu. Jumba la Ajabu la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, hali matengenezo yanaendelea, na watu wakapoteza maisha. Jiwe halisemi linapoumwa. Ni lazima awepo mtu anayelitazama.

Ninaloomba

Najua fremu za maduka zinatakiwa kwa sababu gani. Mweka Hazina ametuambia bati za bweni zinavuja na fedha za kuchanga hazitoshi. Simlaumu mtu. Kodi ya maduka itasaidia, na mimi ni miongoni mwa watakaochangia kuyajenga. Lakini uzio wa upande wa lango nao uko barabarani, na nafasi iko. Naomba mkutano wa kesho uahirishe kifungu cha 6 kwa mwaka mmoja, na katika mwaka huo tufanye mambo matatu.

La kwanza: vijana wa kidato cha tatu wa leo walipime banda lote, jiwe kwa jiwe, na watengeneze mfano wake mdogo uliopunguzwa mara 20. Banda lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Basi mfano wake utakuwa na urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 25, unaokaa juu ya meza moja ya darasa. Ukuta wa nyuma wa mita 2.4 utakuwa sentimita 12. Watumie udongo, mbao, maboksi, waya, chochote watakachokiona kinafaa. Hesabu zimo, jiografia imo, na uraia umo.

La pili: ile lipu ya saruji ibanduliwe pole pole kwa patasi, na mishono izibwe upya kwa chokaa. Gharama ya chokaa naichukua mimi. Nitachukua pia wiki moja ya likizo yangu nije nichanganye mwenyewe, kimoja kwa vitatu, na magunia nitayalowesha. Kwa hesabu zangu bado nadaiwa na ukuta ule.

La tatu: uzio mpya wa shule, upande wa ndani, wapewe vijana wanaojua kuchora. Waandike chini majina yao na mwaka. Na kabla haujapakwa rangi nyingine, hata kama ni miaka 20 ijayo, upigwe picha na picha ziwekwe katika maktaba.

Mwakani tukutane hapa hapa, mfano ukiwa juu ya meza hii. Kila mmoja auzunguke, auchungulie, aone nguzo zilivyokaa na kazi iliyofanywa na watoto wa miaka 17 mwaka 1968. Baada ya hapo kura ipigwe. Ikiwa mtaamua kulibomoa, mkono wangu nitaunyosha pamoja nanyi, na nitanyamaza. Nitakuwa nimeshindwa na watu waliotazama. Lakini kesho tukipiga kura bila kutazama, tutakuwa tumetia sahihi kabla ya chai ya saa nne, kama nilivyofanya mimi.

Nimalizie na ninyi vijana. Mkiambiwa kwamba kutengeneza vitu vidogo kwa mikono ni mchezo wa watoto, msibishane. Endeleeni kutengeneza. Siku moja mtakalia viti ambavyo kutoka kwavyo kuta huinuliwa au huangushwa kwa kalamu. Siku hiyo itawafaa sana kama mikono yenu inakumbuka uzito wa jiwe.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. 

(Kifungu cha 6 kiliahirishwa kwa mwaka mmoja. Futi kamba mbili na daftari la vipimo vimekabidhiwa kwa kidato cha tatu. — Mhariri)